Mambo ya Nyumbani: Bomba Livujapo



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni maji yavujayo nyumbani. Huenda mwingine akicheka moyoni: "Tone la maji ni kitu gani hata liandikwe gazetini? Afadhali mtuambie juu ya chakula, juu ya karo, juu ya magonjwa ya watoto." Twamjibu kwa upole kwamba asome mpaka mwisho. Ataona kwamba tone lile lina sehemu yake katika chakula, na katika karo, na katika magonjwa ya watoto zaidi ya yote.

Kwa jamaa wakaao Kilwa, kando ya Ziwa Moero, maji huonekana kama kitu kisichohesabika. Ziwa liko pale asubuhi na jioni, wala halipungui kwa kuchotwa. Lakini mama ayabebaye maji kichwani anajua kwamba bidoni ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20, na kwamba kila tone limwagikalo amelilipa kwa shingo yake. Tena jamaa nyingi za Kilwa zina mtoto au ndugu huko Lubumbashi, kwa kazi au kwa masomo, ambako maji huja kwa bomba, huhesabiwa kwa mita, na hulipiwa. Basi habari hii yawahusu wote: mwenye robine, mwenye tangi, hata mwenye kisima.

Neno letu kubwa la leo ni hili, nasi twaomba mlishike: tundu la bomba lina njia mbili. Maji hutoka kwalo, na uchafu huingia kwalo. Hasara ya kwanza hupunguza mali ya nyumba. Hasara ya pili yaweza kupunguza watu wa nyumba.

KIKOMBE KIMOJA KWA SAA

Kwanza tuhesabu. Weka kikombe cha robo lita chini ya robine idondokayo, ukakiache saa moja. Kikijaa, ujue kwamba nyumba yako inapoteza lita 6 kila siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 180, yaani bidoni 9. Kwa mwaka ni lita 2,190, yaani zaidi ya bidoni 109. Ni mama gani, akiambiwa abebe bidoni 109 kutoka kisimani na kuzimwaga zote njiani, atakubali? Lakini robine hufanya kazi hiyo kimyakimya, usiku na mchana, hata siku ya Dominika.

Na hilo ni tone tu. Bomba lililopasuka chini ya ardhi laweza kupoteza mara nyingi zaidi, wala hakuna aonaye, mpaka siku ya kulipa ifikapo na baba wa nyumba aanze kuwagombeza watoto bure.

Hasara haiishii katika malipo. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwa matofali mabichi, yaliyokaushwa juani tu. Tofali hilo ni imara likiwa kavu, lakini likinywa maji chini ya ukuta hurudia kuwa udongo. Ukuta huanza kupasuka pembeni, kisha hukaa upande, na siku ya mvua kubwa huanguka. Wazee walisema vema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena dimbwi linalosimama chini ya robine laweza kuwalea viluwiluwi wa mbu, nao huruka wakiwa mbu kamili baada ya juma moja au mawili.

SABABU ZA MAJI KUVUJA

Ya kwanza ni kipira cha robine. Ndani ya robine mna kipira kidogo kama sarafu, nacho ndicho kizuiacho maji. Kikichakaa, maji hupita. Watu wengi wakiona tone huikaza robine kwa nguvu zote, hata watoto hawawezi tena kuifungua. Kufanya hivyo ni kukiponda kipira chenyewe, na kesho tone litakuwa nene zaidi. Dawa yake ni kipira kipya, nacho ni kitu cha bei ndogo kuliko maji yanayopotea. Pia maji yatokayo katika miamba ya chokaa, iliyo mingi katika ardhi ya Katanga ya kusini, huacha magamba meupe, yale yale mnayoyaona ndani ya birika. Magamba hayo hukaa mahali pa kipira na kuyazuia yasifunge sawasawa. Fundi akifungua robine, ayakwangue kabla ya kutia kipira kingine.

Ya pili ni maungo ya mabomba. Mahali bomba moja linapoungana na jingine pana meno ya parafujo, na meno hayo yataka kuzungushiwa uzi wa katani au utepe mweupe wa mafundi. Fundi mvivu huacha kuuweka, au hukaza kupita kiasi hata ungo likapasuka. Jambo hilo halionekani siku ile ya kazi. Huonekana baada ya miezi, fundi akiwa ameshakwenda zake.

Ya tatu ni kutu. Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisiliwe na kutu, lakini zinki hiyo huisha kwa miaka. Lubumbashi ni mji ulioanzishwa mwaka 1910, na baadhi ya mabomba yake yalilazwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Si ajabu kwamba yamechoka. Kuna na jambo moja ambalo sisi watu wa nchi ya shaba twapaswa kulijua kuliko wengine: shaba na chuma hawakai vema pamoja ndani ya maji. Bomba la shaba likiungwa moja kwa moja na bomba la chuma lililopakwa zinki, chuma huliwa upesi mahali pale pa kuungana. Fundi mwenye akili huweka kati yao kiungo cha shaba nyeupe ya manjano, au kiungo kingine kilichotengenezwa kuzitenga metali hizo mbili.

Ya nne ni bomba la plastiki lililolazwa vibaya. Plastiki haishikwi na kutu, na kwa hiyo watu hudhani haifi. Lakini ikiachwa juani, jua huifanya kuwa ngumu na nyepesi kuvunjika kama ukuni mkavu. Ikifukiwa kidogo tu, hukatwa na jembe au huvunjwa na gari liingialo katika lupango. Mizizi ya mti mkubwa nayo hulisukuma bomba lililo karibu na kulipinda. Tena udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na kila mwaka hulivuta bomba huku na huku. Basi bomba lifukiwe kwa kina, walau kufika gotini mwa mtu mzima, juu ya mchanga usio na mawe, mbali na miti.

Ya tano ni pigo la maji. Mwendesha baiskeli ateremkaye mlima akishika breki ghafla, mwili wake husukumwa mbele. Ndivyo yalivyo maji: yakienda kasi bombani, nawe ukifunga robine kwa ghafla, hupiga kama nyundo. Utasikia bomba likigonga ukutani. Pigo moja halina neno, lakini mapigo ya kila siku hulegeza maungo. Funga robine polepole, na uwafundishe watoto vivyo hivyo.

Ya sita ni robine iliyosahauliwa wazi. Hili twalijua wote. Umeme ukikatika, pampu za maji husimama, na robine hukauka. Mtoto hufungua, haoni kitu, huenda zake bila kufunga. Usiku wa manane maji hurudi, watu wamelala, na asubuhi godoro, unga na madaftari ya shule vyote vimelowa. Bomba hapa halina kosa lolote. Iwe sheria ya nyumba kwamba robine isiyotoa maji hufungwa kama ile itoayo.

Ya saba ni tangi dogo la choo, katika nyumba zilizo nalo. Ndani yake mna boya linalopanda na maji na kuyafunga, na kipira cha chini kinachoyazuia yasishuke. Kimoja kikiharibika, maji hupita daima kwenda chooni, wala sakafu hailowi, na kwa hiyo hakuna ajuaye. Ukitaka kujua, mimina ndani ya tangi chai nyeusi iliyokolea sana, ukangoje nusu saa pasipo mtu kutumia choo. Rangi ikionekana chini katika bakuli, kipira kimekwisha.

NJIA YA PILI YA TUNDU

Sasa twaja kwenye neno letu kubwa. Maji yanapojaa bombani kwa nguvu, husukuma nje, na uchafu hauwezi kuingia. Lakini maji yanapokatika, yale yaliyobaki huteremka kwenda mahali pa chini, na bomba huvuta nyuma yake, kama mtu anyonyavyo kinywaji kwa mrija. Je, huvuta nini? Huvuta kilicho kando ya tundu. Bomba likipita katika mtaro wa maji machafu, huvuta maji ya mtaro. Likipita karibu na shimo la choo, huvuta maji ya choo. Kesho maji yarudipo, uchafu ule husukumwa mpaka kikombe cha mtoto.

Ndiyo sababu mji ambao maji yake hukatika mara kwa mara wapaswa kuogopa tundu kuliko mji ambao maji hayakatiki. Na ndiyo sababu pia kufunga tundu kwa utepe wa mpira wa baiskeli si matengenezo. Utepe ule waweza kupunguza maji yatokayo, lakini haulindi sawasawa dhidi ya uchafu uingiao. Uwe msaada wa siku moja, mpaka fundi afike.

Wenye visima wasijione salama. Kisima nacho chaweza kuvujiwa, na ushahidi wake ulipatikana mbali na kwetu, katika mji wa London, Uingereza. Mwaka 1854, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja uitwao Broad Street, na watu zaidi ya 600 walikufa kwa muda mfupi. Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Mganga mmoja, John Snow, alihesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaona kwamba waliokufa walikuwa wanywaji wa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Wakubwa wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu ile.

Lakini uchafu uliingiaje kisimani? Aliyesaidia kulijua jambo hilo ni kasisi wa Kianglikana wa mtaa ule, Henry Whitehead. Hapo kwanza hakumwamini Snow. Kwa kuwa aliwajua watu wake na kuingia nyumbani mwao, aliuliza kwa saburi, akapata habari ya mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wengine katika nyumba iliyo mbele ya kisima. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji katika shimo la uchafu la nyumba. Mwaka 1855 shimo lile lilichimbuliwa. Matofali yake yalikuwa yameoza na kuachana, na kati ya shimo na kisima haikufika meta moja. Shimo lilivuja, kisima kikapokea. Hapana aliyeona tone hata moja, kwani yote yalitendeka chini ya ardhi.

Twawakumbusha habari hii kwa sababu kipindupindu si habari ya London ya zamani tu. Kimezoea kurudi pande za maziwa ya mashariki ya Kongo, na watu wa Ziwa Moero wamekijua kwa machozi. Basi shimo la choo liwe mbali na kisima, walau meta 30, wala lisichimbwe upande wa juu wa kisima. Na mdomo wa kisima uzungushiwe ukuta na sakafu ya sementi isiyo na nyufa, ili maji ya juu yasirudi ndani.

JINSI YA KULITAFUTA TUNDU

Mwenye mita na afanye hivi. Usiku, watu wote wakiisha kunawa, funga robine zote. Andika hesabu ya mita. Asubuhi, kabla mtu hajachota, isome tena. Ikiwa hesabu imesonga, maji yanavuja mahali. Lakini fanya hivyo usiku ambao maji yapo, kwani bomba tupu halina ushuhuda.

Kisha funga robine kuu iingizayo maji nyumbani, ukaitazame mita. Ikisimama, tundu liko ndani ya nyumba, baada ya robine ile. Ikiendelea, tundu liko njiani kati ya mita na nyumba. Tembea juu ya mstari wa bomba wakati wa kiangazi. Mahali penye majani mabichi, wakati pengine pote pamekauka, ndipo panapoweza kuwa na tundu. Na maji yakionekana karibu na nyaya za umeme, usiguse kitu: zima umeme kwanza, ukamwite fundi. Tundu likiwa barabarani, kabla ya mita, ni kazi ya shirika la maji, nasi twapaswa kuliarifu. Tusichimbe wenyewe, wala tusilitumie tundu lile kama kisima cha bure, kwani ndipo maji yalipo karibu na uchafu kuliko mahali pote.

MAJI YA WOTE, KAZI YA NANI?

Katika malupango mengi ya Lubumbashi, jamaa tatu au nne hutumia robine moja na kulipa karatasi moja ya malipo. Hapo ndipo tundu dogo linapoleta ugomvi mkubwa. Mpangaji husema, "Nyumba si yangu." Mwenye nyumba husema, "Mimi sikai pale." Jirani husema, "Sisi tu wawili tu, wao ni wanane." Wakati huo wote robine inadondoka, na kila mwezi watu hugawana deni lisilonywewa na mtu.

Sisi twaona njia hii ni ya haki: kipira na matengenezo madogo ya robine yachangiwe na wale waitumiao, bomba lililo ardhini na tangi la nyumba liwe juu ya mwenye nyumba. Lakini mapatano hayo yafanyike mapema, wakati wa amani, wala yasingoje siku ya maji kumwagika. Tena achaguliwe mtu mmoja wa kuitazama mita kila juma. Kitu cha wote kisichokuwa na mtu wa kukitazama huwa si cha mtu.

Mtu atasema: "Kwa nini mimi nitangulie kutoa fedha, na wengine watanufaika bure?" Ndugu, Mkristu haulizi hivyo mbele ya tundu linaloweza kuingiza kifo katika kikombe cha mtoto wa jirani. Bwana wetu aliwashibisha watu 5,000 kwa mikate mitano, naye aliweza kuwashibisha tena kesho yake. Hata hivyo aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Yeye aliyekuwa na vingi alikataa upotevu. Je, sisi wenye vichache? Naye marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu. Twapenda kudai haki hiyo kwa wakubwa, na ni vema. Lakini tuilinde kwanza pale mkono wetu unapofika.

Hata bomba likiisha kutengenezwa, maji yarudipo baada ya kukatika yaachwe yatiririke kidogo kwanza katika ndoo ya kufulia. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa, au yatiwe dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko.

HESABU KWA WANAFUNZI

Saa 4 usiku mita ya nyumba moja ilionyesha meta za ujazo 348 na lita 215. Saa 12 asubuhi ilionyesha meta za ujazo 348 na lita 263. Robine zote zilikuwa zimefungwa. Nyumba ile hupoteza bidoni ngapi za lita 20 kwa mwezi wa siku 30?

Jibu: Lita 48 zilipotea kwa saa 8, yaani lita 6 kila saa. Kwa siku ni lita 144, kwa mwezi lita 4,320. Basi ni bidoni 216. Mwanafunzi akiisha kuhesabu, na aende kuisoma mita ya kwao usiku wa leo, akamwonyeshe baba yake karatasi asubuhi.

Juu ya paa livujalo wakati wa mvua tutasema siku nyingine, kwani lina mambo yake. Kwa leo twawaomba jambo moja tu: kabla ya sala ya jioni, mmoja wa nyumba azunguke na kuzigusa robine zote. Mungu azibariki nyumba zenu.